Tumepaka rangi, sasa jiko la gesi linanuka: harufu inatuambia nini?

Somo kwa wanamemba wa koperative



Kisha mavuno kuuzwa, wengi wetu tunatengeneza nyumba. Mumoja ananunua rangi na simenti, mwengine anaweka manjanja mapya, plafoni na madirisha ya vioo. Na juu ya bei ya makala yenye haishuki, kuko familia na hata koperative zenye zimeanza kupikia gesi ya bombone. Rangi mupya na gesi zikikutana ndani ya chumba kimoja, swali linazaliwa: "Tulimaliza kupaka rangi juma lililopita. Tangu siku ile, kila tukiwasha jiko la gesi, nyumba yote inanuka kama petroli. Bombone inavuja?"

Mara nyingi mu kijiji mutasikia majibu mawili. Wa kwanza anasema: "Ni rangi tu, itaisha." Wa pili anaogopa, anafunga bombone na kurudisha mbabula ndani ya nyumba. Majibu yote mawili yanaweza kuua mutu. La kwanza ni hatari kama harufu ile haitoke kwa rangi, lakini inatoka kwa gesi. La pili ni hatari zaidi, juu nyumba ya leo haiko tena ile ya zamani: tumeziba matobo yake, na mbabula inatoa gesi yenye haina harufu hata kidogo.

Mu somo hili tutajifunza kutofautisha mambo matatu: harufu ya gesi yenyewe, harufu ya rangi yenye imepita mu moto, na hatari yenye haina harufu. Pua inatusaidia kwa mambo mawili ya kwanza. Kwa jambo la tatu, pua haina kazi.

1. Harufu ya gesi yenyewe

Gesi ya ndani ya bombone ni butani ao propani. Zote mbili, vile zinatoka mu ardhi na mu viwanda, karibu hazina harufu. Ile harufu mubaya tunasikia, kama ya yai lenye limeoza ao shu lenye limeoza, wanaiongeza kwa kusudi. Ni dawa yenye nguvu sana: kidogo tu inatosha ili pua ishituke mbele gesi haijakuwa mingi ya kulipuka.

Kulikuwa sababu nzito ya kuanza kufanya vile. Tarehe 18/3/1937, mu muji mudogo wa New London, mu jimbo la Texas kule Marekani, gesi yenye haikuwa na harufu ilivuja na kujikusanya chini ya sakafu ya masomo. Hakuna mutu alisikia kitu. Cheche ya chombo cha umeme cha kulainishia mbao iliiwasha, na karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto. Kisha pale, Texas iliweka sheria ya kutia harufu mu gesi, na fasi zingine zikafuata. Basi harufu ile mubaya haiko kasoro ya bombone. Ni mulinzi wetu.

Lakini mulinzi huyu anaweza kusinzia. Mutu mwenye mafua hasikie vizuri. Mutu mwenye amekaa ndani ya harufu kwa dakika mingi, pua yake inazoea na anafikiri harufu imeisha. Kutu ya ndani ya bombone ya zamani inaweza kula ile dawa ya harufu. Na mu nyumba yenye imepakwa rangi mupya, harufu ya rangi inaweza kufunika harufu ya gesi. Kwa hiyo musingojee pua peke yake. Kila mara munabadilisha bombone, mufanye jaribio la sabuni:

– Changanya sabuni na maji kidogo mupaka itoe povu.
– Fungua robine ya bombone, lakini jiko libakie limezimwa.
– Paka ile povu fasi tatu: pale detanderi inashika bombone, mu tiyo yote, na pale tiyo inaingia mu jiko.
– Kama viputo vinavimba na kukua, gesi inavuja. Funga bombone na usiitumie mupaka itengenezwe.

Musijaribu kamwe na kiberiti. Kuko watu wenye walichomwa uso na mikono juu ya "kuangalia tu."

Tujue tena kwamba gesi ya bombone ni nzito kuliko hewa: propani inapita hewa mara moja na nusu hivi, na butani karibu mara mbili. Haipande juu kama moshi. Inashuka chini kama maji, inalala mu kona, mu shimo, chini ya kitanda. Ndiyo maana dirisha la juu peke yake halitoshe. Mulango unapaswa kufunguliwa, na inaomba kuwe tobo fasi ya chini ya ukuta.

Mukisikia harufu ya gesi wakati jiko limezimwa:

– Musiwashe kitu: wala kiberiti, wala sigara, wala taa. Kama taa ya umeme inawaka, musiizime. Kuzima pia kunatoa cheche. Telefone, mutumie kule inje.
– Fungua mulango na madirisha yote.
– Funga robine ya bombone kama unaweza kuifikia bila hatari.
– Tosha watu wote, kuanzia watoto na wazee, na mukae mbali mupaka hewa ipite na harufu iishe kabisa.

2. Harufu ya rangi yenye imepita mu moto

Sasa turudi kwa ile nyumba yenye inanuka petroli. Rangi ya mafuta inachanganywa na diliani, terebantine, ao, vile wengine wanafanya juu ya bei, na esansi. Vile rangi inakauka, hivyo vitu vinapanda mu hewa kama mvuke. Rangi inaweza kukauka kwa mukono kisha siku moja, lakini mvuke unaendelea kutoka kwa siku mingi, na kwa rangi ya mafuta hata kwa majuma. Gundi ya plafoni, vernisi ya milango, na dawa ya kulinda mbao zinatoa mvuke vilevile.

Wakati jiko la gesi linawaka, moto unavuta hewa ya chumba. Kama hewa ile imejaa mvuke wa rangi, mvuke unapita mu moto, unaungua nusu, na unageuka kuwa kitu kingine chenye harufu kali zaidi: mara kama petroli, mara kama mafuta ya kukaangia yenye yameungua. Macho yanawasha, koo inakauka. Mafundi wa majiko ya gesi wanaijua sana harufu hii. Wanaitwa kutengeneza jiko, wanakuta jiko ni nzima, kumbe ukuta ndio wenye kunuka.

Namna gani kutofautisha? Jiulizeni maswali matatu:

– Harufu inakuja wakati gani? Kama inakuja tu wakati moto unawaka, na ukizima inapungua, angalia upande wa rangi. Kama iko hata wakati jiko limezimwa, na inanuka yai lenye limeoza, ni gesi.
– Sabuni inasema nini? Kama hakuna kiputo hata kimoja, bombone na tiyo ni nzima.
– Ukitoa jiko inje, kwenye hewa safi, na kuliwasha kule, linanuka tena? Kama halinuke, shida iko mu chumba, haiko mu jiko.

Jiko lenyewe, kama ni mupya, linaweza kunuka mara ya kwanza, juu kiwanda kinapaka mafuta na rangi kwenye vyuma. Dawa yake ni nyepesi: liwashe inje, bila chungu, kwa nusu saa hivi, mbele ya kuliingiza ndani.

Mutu atasema: "Kama ni rangi tu, basi hakuna hatari." Hapana. Kuko hatari tatu.

Ya kwanza ni moto. Mvuke wa esansi na wa diliani unashika moto wenyewe. Nao pia ni nzito kuliko hewa, unatambaa chini mupaka kwenye jiko ao mbabula, na moto unarudi nao mupaka kwenye ndoo ya rangi. Kwa hiyo, mu chumba chenye rangi ya mafuta haijakauka, hakuna kuwasha jiko, wala taa ya petroli, wala mushumaa. Vitambaa vyenye vimelowa mafuta ya rangi, musivirundike mu kona. Mafuta ya aina fulani yanapata joto yenyewe vile yanakauka, mupaka kitambaa kinaweza kuwaka bila mutu kukigusa. Vianikeni inje, kimoja-kimoja.

Ya pili ni sumu. Mvuke wa rangi unaumiza kichwa na kuleta kizunguzungu, sana-sana kwa watoto na kwa mwanamuke mwenye mimba. Na kuko dawa fulani za kutosha rangi ya zamani ao kusafisha mafuta ya mashini zenye ziko na klorini ndani. Mvuke wake ukipita mu moto unaweza kutoa fosijeni, gesi yenye ilitumiwa kuua maaskari mu vita ya 1914–1918. Kama mumetumia dawa kama hiyo, jiko lisiwashwe ndani ya chumba kile mupaka harufu yote iishe.

Ya tatu tumekwisha kuitaja: harufu ya rangi inafunika harufu ya gesi. Mutu mwenye amejiambia "ni rangi" kwa juma nzima hatashituka siku bombone inavuja kweli.

Dawa ya harufu ya rangi ni hewa. Fungua milango na madirisha yenye yanatazamana ili upepo upite kutoka upande moja kwenda mwengine. Ikiwezekana, pika inje kwa siku za kwanza na ulale mu chumba kingine. Ubani na marashi havitoshe kitu. Vinaongeza tu harufu ingine juu ya ile. Kwa kuta za ndani, rangi ya maji inatoa mvuke kidogo kuliko rangi ya mafuta, na burashi zake zinaoshwa na maji tu.

3. Hatari yenye haina harufu

Hapa ndipo pa kusoma pole-pole. Nyumba ya zamani ilikuwa inapumua. Hewa iliingia chini ya mulango na kutokea katikati ya ukuta na manjanja. Mama alipika ndani, moshi ulimuumiza macho, lakini hewa ilikuwa inapita. Vile tunatengeneza nyumba, tunaweka plafoni, tunaziba pale juu ili mbu isiingie, tunaweka madirisha ya vioo na milango yenye inafunga vizuri. Nyumba inakuwa mupya na nzuri, na pua zake zinafungwa. Kisha tunawasha moto ndani yake sawa zamani.

Moto wowote unakula hewa. Ukikosa hewa ya kutosha, unatoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi, haina ladha, haina harufu. Ikiingia mu mapafu inashika damu kwa nguvu yenye kupita ile ya hewa nzuri zaidi ya mara 200, na mwili unakosa pumuzi hata kama kifua kinapumua. Jiko la gesi lenye kuwaka vizuri linatoa kidogo. Makala yanatoa mingi. Na makala yenye yameshika vizuri, yenye kuwa nyekundu bila moshi, ndiyo inadanganya watu zaidi: wanafikiri kwamba pasipo moshi hapana hatari.

Mu milima yetu yenye baridi, kule Lubero, Masisi ao Minembwe, wengi wanaingiza mbabula mu chumba cha kulala usiku ili kupata joto. Mu nyumba ya matobo, Mungu alisaidia. Mu nyumba yenye imefungwa, familia nzima inaweza isiamuke asubui.

Wale wenye kukaa karibu na Goma na Sake wanajua mazuku, ile gesi ya volkano yenye inalala mu mabonde na mu mashimo, na kuua mbuzi na hata watu bila kelele. Mazuku ni gesi ingine, inatoka mu ardhi. Lakini somo ni moja: macho na pua haviwezi kutulinda na kila gesi.

Dalili za monoksidi ya kaboni ni hizi: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu ao kutapika, mwili kuwa regerege, akili kuchanganyikiwa. Inafanana sana na malaria, na wengi wanakunywa dawa ya malaria bure, kisha wanarudi kulala kando ya mbabula ileile. Angalieni tofauti: hakuna homa, watu wengi wa nyumba moja wanaumwa kwa wakati moja, na mutu akitoka inje anasikia nafuu, akirudi ndani anaumwa tena. Mukifika kwa muganga, kubali kipimo cha malaria, lakini umwambie wazi: "Tulilala na moto ndani ya nyumba."

Ukikuta mutu ameanguka mu chumba chenye moto, fungua mulango kwanza, vuta pumuzi inje, ingia na umutoshe haraka kwenye hewa safi. Kisha umupeleke mu hospitali, hata kama ameamuka, juu anaweza kuhitaji oksijeni. Maziwa na mafuta ya mawese havitoshe gesi hiyo mu damu.

Jiko la gesi lenyewe linatoa alama. Moto muzuri ni wa bulu. Moto wa manjano, wenye kucheza-cheza na kuacha masizi meusi chini ya chungu, hauungue vizuri. Mara nyingi ni vumbi ya simenti ao ya rangi yenye imeingia mu matobo ya jiko wakati wa kazi. Kwa hiyo, mbele ya fundi kuanza, funika jiko ao ulitoshe inje. Kisha kazi, safisha matobo yake na sindano na burashi kavu.

4. Depo yetu nayo inanusa

Haya yote yanagusa pia mali ya koperative. Kahawa na kakao vinakunywa harufu sawa kitambaa kinakunywa maji. Kahawa yenye imelala mu depo yenye rangi ya mafuta mupya, ao kando ya bido ya mazuti, inachukua harufu ile. Kuifua hakuwezekane. Wanunuzi wanaonja mbele ya kulipa, na kikombe kimoja chenye ladha ya petroli kinaweza kushusha bei ya loti nzima, yaani jasho la wanamemba wote, hata wale wenye waliianika vizuri mupaka unyevu wa 10–12%. Kakao yenye inakaushwa karibu na moshi inaharibika vilevile.

Basi:

– Depo ipakwe rangi mbele ya musimu, haiko katikati ya musimu. Kama kuko haraka, tumia chokaa ao rangi ya maji.
– Mbele ya kuingiza mifuko, weka sahani ya kahawa safi mu depo yenye imefungwa kwa siku mbili. Kisha unusa na uionje kando ya kahawa yenye ilibakia mu nyumba safi. Kama kuna tofauti, depo haijawa tayari.
– Rangi, diliani, mazuti, dawa za shamba na bombone, hakuna kimoja chenye kulala mu depo ya mavuno.
– Kama mu depo kunatumiwa vidonge vya kuua wadudu vyenye vinatoa gesi, kazi ile ni ya mutu mwenye alijifunza peke yake. Harufu yake ni kama kitunguu saumu ao samaki yenye imeoza. Ukiisikia, toka, funga, ita mwenye kazi. Na hakuna mulinzi anaweza kulala mu chumba chenye kuungana na depo ile. Gesi hiyo inapita mu ukuta wenye nyufa, na imeua watu wenye walilala upande wa pili.

5. Mupango wa kazi kwa mwenye kutengeneza nyumba

Mbele ya kazi: tosha jiko na bombone. Pangeni fasi mutapikia inje kwa siku hizo.

Wakati wa kazi: muachie nyumba matobo yake ya kupumua. Mu jikoni, acheni tobo moja chini ya ukuta na moja juu karibu na manjanja, kila moja ipite kiganja cha mukono wenye vidole vimefunguliwa. Muweke wavu wa kuzuia panya na mbu, na muusafishe kila mwezi juu masizi yanauziba. Tobo la chini linatosha gesi ya bombone yenye imevuja; la juu linatosha moshi na joto.

Kisha kazi: pitisha upepo siku mingi. Bombone isimame wima, mbali na moto, ikiwezekana inje ya ukuta, mu kivuli. Tiyo yenye imepasuka ao imekuwa ngumu ibadilishwe; kuifunga na mupira wa kinga hakuna maana. Fanya jaribio la sabuni. Washa jiko, angalia rangi ya moto. Na usiku, kila moto uzimwe, mbabula ilale inje.

Maswali ya kuzungumuzia mu mukutano

1. Kati ya nyumba zetu, ni ngapi zimewekwa plafoni ao madirisha ya vioo hivi karibuni? Hewa inaingilia wapi sasa?
2. Nani kati yetu anapikia gesi? Mara ya mwisho alipaka sabuni kwenye tiyo ilikuwa lini?
3. Mu depo yetu, leo, kuko kitu chenye kunuka kando ya mifuko? Nani atakitosha, na siku gani?
4. Kama watu wote wa nyumba moja wanaumwa kichwa asubui bila homa, tutafanya nini kwanza?

Tunaomba kila kamati ichague watu wawili, mwanamuke na mwanaume, wapite nyumba kwa nyumba na kopo la maji ya sabuni mbele ya mukutano wenye unafuata. Kazi hiyo inaomba asubui moja tu. Kwa nyumba yenye haina gesi, waangalie matobo ya hewa na waulize mbabula inalala wapi.